Fidla ndani ya jazi, bluzi na roki: albamu za kununua na mitego ya kuikwepa

Andika "fidla ya jazi" kwenye programu yoyote ya kusikilizia muziki na utaletewa muziki wa kupumzikia: piano laini, dramu za kupapaswa kwa brashi, na fidla inayonong'ona kama ya kwenye lifti ya hoteli. Si vibaya, usingizi nao una haki yake. Lakini wapiga fidla waliokigeuza chombo hiki hawamo humo. Wengi wamefichika ndani ya albamu za watu wengine, waimbaji, wapiga gitaa na viongozi wa bendi, na majina yao yako kwenye maandishi madogo nyuma ya jalada, ambayo kwenye simu huwa hayaonekani. Ukitafuta kwa jina la chombo, hutawapata. Hapa tunapima albamu kwa kufuata njia hiyo: uandike jina la nani ili umpate nani, na kipi ndani yake kinastahili pesa au bando lako.

Neno "jazi" nalo lisituchanganye. Afrika Mashariki lilibandikwa bendi za dansi, Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz na wenzao, ambazo kazi yao ilikuwa rumba ya magitaa na saksafoni. Jazi ya hapa ni ile ya Marekani, na tawi lake la Paris. Fidla yenyewe ni ile ile ya kwenye taarabu: nyuzi nne, upinde wa singa za mkia wa farasi, na kidevu juu ya ubao.

Anza na mwimbaji

Mlango mzuri kuliko yote si albamu ya fidla. Ni After Midnight ya Nat King Cole, iliyorekodiwa 1956 na kutoka 1957. Cole anaimba huku akipiga piano, nyuma yake gitaa, besi na dramu, na wageni wanapishana wimbo hadi wimbo. Mmoja wa wageni hao ni mpiga fidla Stuff Smith. Tafuta "Sometimes I'm Happy", "When I Grow Too Old to Dream" na "I Know That You Know". Mbili za kwanza zina mwendo wa kutembea na zinasikika mara moja. Ya tatu inakimbia mno, iache kwa siku ya pili.

Aliyezoea taarabu hatahitaji kuelezwa kinachoendelea pale: mwimbaji anamaliza mstari, fidla inamjibu. Tofauti ni kwamba kwenye taarabu wapiga fidla huwa kundi, wanakwenda na melodi kwa sauti moja. Smith yuko peke yake na anawinda mapengo. Cole akivuta pumzi, yeye ameshaingia. Sikiliza pia jinsi anavyouanza kila mguso kwa mkwaruzo mdogo wa makusudi, kama mpiga saksafoni anayeuma mdomo wa chombo chake. Anayesubiri toni ya asali atasema huyu hajui kupiga. Anajua sana.

Smith alizaliwa 1909 huko Portsmouth, jimbo la Ohio, na alipata jina mwaka 1936 kwenye klabu ya Onyx mjini New York. Alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa kuitia fidla umeme, na sababu si mapambo. Kundi lake lilikuwa na tarumbeta ya Jonah Jones na dramu, ndani ya chumba kidogo kilichojaa walevi. Kisanduku cha fidla ni kidogo, kwa hiyo bila umeme mpigaji hulazimika kuukandamiza upinde ili asikike, na upinde uliokandamizwa ni mzito, hauwezi kurukaruka kati ya mapigo. Amplifaya ilimpa Smith sauti bila kukandamiza. Upinde ukawa mwepesi, na hapo ndipo swingi yake, ule mwendo wa kuyumba wa jazi, ilipo.

Baada ya Cole, nunua albamu ya 1957 ya kampuni ya Verve inayoitwa Stuff Smith tu, akiwa na Oscar Peterson kwenye piano na Ray Brown kwenye besi. Hakuna wimbo wa kujazia nafasi.

Paris, 1934 hadi 1939

Jina ambalo kila mtu atakutajia ni Stéphane Grappelli, na hawajakosea. Mwaka 1934 yeye na mpiga gitaa Django Reinhardt walianzisha Quintette du Hot Club de France: fidla moja, magitaa matatu, besi moja. Hakuna dramu, hakuna tarumbeta, hakuna piano. Ndiyo maana Grappelli aliweza kupiga kwa sauti nyororo bila umeme wakati Smith asingeweza: hakuwa na wa kumfunika. Kazi ya dramu inafanywa na magitaa mawili ya kusindikiza, yanayokata pigo la pili na la nne kwa kulegeza vidole mara tu baada ya kupiga. Anza na "Minor Swing" ya 1937.

Onyo moja kuhusu Grappelli: ni rahisi kumpenda na ni rahisi kumchoka. Utamu wake hauna siku ya mapumziko. Nyimbo nne kwa mkao mmoja zinatosha. Ukifululiza ishirini, utaondoka ukidhani zote ni moja.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Rekodi hizi zilitoka kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika, na mikusanyiko ya bei ya chini iliyotengenezwa kutokana nazo ni mingi kama utitiri. Ina magonjwa mawili. La kwanza ni kuchujwa kupita kiasi. Mtengenezaji anataka kuondoa mchakacho wa santuri, basi anakata sauti zote za juu, na mle mle ndimo mlimo na sauti ya singa zikigusa uzi. Matokeo yake fidla inageuka filimbi. Ukisikia rekodi ya 1935 iliyo kimya kabisa nyuma, usifurahi, ihofie. Mchakacho kidogo ni dalili njema.

La pili ni kasi. Mashine za zama hizo hazikuzunguka 78 kamili, na anayehamisha santuri asipopima, muziki mzima unapanda au kushuka. Nusu toni ni takriban asilimia 6 ya kasi: santuri ya 78 ikizungushwa kwenye 82 au 83 hivi, wimbo wote umepanda nusu toni, na Grappelli aliyekuwa anatembea sasa anakimbia. Kipimo kiko mikononi mwa kila mwenye simu. Fungua programu ya kutunia gitaa. Uzi mnene wa fidla ukiachwa wazi ni G, herzi 196 hivi, na chini ya hapo fidla iliyotuniwa kwa kawaida haina noti. Ukiona noti ya chini kabisa ya wimbo inasoma F iliyopandishwa, rekodi inakwenda polepole. Noti ya uzi uliowazi, ambayo utaitambua kwa kuwa ni kavu na haina mtetemo wa kidole, ikisoma G iliyopandishwa, inakwenda mbio. Rudisha mkusanyiko huo dukani.

Mkusanyiko uliotusimamia vizuri kwa pande zote mbili ni ule wa kampuni ya JSP, sanduku la CD tano lililopangwa kwa mfuatano wa tarehe. Mchakacho umeachwa, singa zinasikika.

Ndani ya rekodi za Paris yumo pia Eddie South, na kwa toni peke yake tunamweka juu ya Grappelli. Alikuwa Mmarekani mweusi aliyesomea muziki wa kiklasiki Chicago katika zama ambazo orkestra za nchi yake hazikuwa na kiti cha mtu mweusi, basi akaingia vilabuni na mafunzo yake yote. Mwaka 1937 yeye, Grappelli na Django walirekodi sehemu ya kwanza ya konseto ya Bach ya fidla mbili katika D mdogo, gitaa moja likishika nafasi ya orkestra nzima. Kuna matoleo mawili: moja linakaa karibu na noti za Bach, la pili linaziacha na kubuni. Yasikilize kwa mpangilio huo. Kisha uende kwenye "Eddie's Blues" ya mwaka huo huo, yeye na Django, ambamo mafunzo na machungu vimekaa kwenye uzi mmoja.

Vita vilipoanza 1939 Grappelli alibaki London, Django akarudi Ufaransa, na hawakurekodi tena pamoja hadi 1946. Kazi za Grappelli za baadaye ni nyingi. Ile inayouzwa sana ni Jalousie ya 1973 na Yehudi Menuhin, gwiji wa klasiki. Tunaishauri kwa sababu moja tu, kulinganisha. Menuhin alikuwa akisoma sehemu alizoandikiwa, Grappelli alikuwa akibuni papo hapo. Noti za Menuhin ni safi kuliko za mwenzake na hazitikisi hata unyayo. Sikiliza mwisho wa kila kifungu: Menuhin anaimaliza noti, Grappelli anaitupa.

Upinde uliofunguliwa

Kabla ya hao wote alikuwepo Joe Venuti. Rekodi zake na mpiga gitaa Eddie Lang zinaanzia 1926, miaka minane kabla ya kundi la Paris, na ni wazi Paris ilizisikiliza. Lang alifariki 1933. Kwa zawadi nunua Joe & Zoot ya miaka ya 1970, Venuti mzee akikimbizana na saksafoni ya Zoot Sims, iliyorekodiwa vizuri. Kwa elimu tafuta "Four String Joe" ya 1927.

Wimbo huo una sauti ambayo fidla haipaswi kuwa nayo: kodi (chord), yaani noti nne kwa pamoja, iliyovutwa kama ya akodiani. Kijidaraja kinachobeba nyuzi kimepinda, kwa hiyo upinde ulionyooka hugusa nyuzi mbili, tatu kwa kukandamiza, nne kamwe. Venuti alifungua skrubu ya mwisho wa upinde, akaachanisha singa na fimbo, akapitisha fimbo chini ya tumbo la fidla na singa juu ya nyuzi zote nne, kisha akavuta. Singa zilizolegea hujipinda kufuata kijidaraja. Gharama yake ni kwamba upinde usio na mkazo hauwezi kuruka wala kwenda mbio, na kuufunga tena huchukua muda, hivyo lazima wimbo utungwe kuuzunguka mchezo huo. Mpigaji anayetaka kujaribu atumie upinde wa bei rahisi, maana uzi wa skrubu ukiliwa, upinde umekwisha.

Wengi jukwaa moja

Kuna albamu mbili za kujifunzia kutofautisha wapigaji. Duke Ellington's Jazz Violin Session ilirekodiwa Paris Februari 1963 lakini ilikaa kabatini hadi 1976. Wamo Grappelli, Ray Nance wa orkestra ya Ellington mwenyewe, na Svend Asmussen wa Denmark, ambaye humo anapiga viola, ndugu mkubwa wa fidla mwenye uzi wa chini zaidi wa C. Kazi ya sikio ni rahisi: anayeelea ni Grappelli, anayetokea chini ni Asmussen, na anayekoroma kidogo kama mtu anayezungumza ni Nance. Nance alikuwa pia mpiga tarumbeta, na inasikika kwenye fidla yake: vifungu vyake vina urefu wa pumzi ya binadamu ingawa upinde hauhitaji pumzi.

Ya pili ni Violin Summit, tamasha la Basel, Uswisi, Septemba 1966: Grappelli, Smith, Asmussen, na kijana Jean-Luc Ponty. Inasifiwa kuliko inavyostahili. Nyimbo zinazowakutanisha wote wanne zina msongamano wa daladala ya saa kumi na moja jioni, na sauti ya ukumbi haisaidii. Lakini Smith alifariki mwaka uliofuata, na Ponty wa hapa bado hajaingia kwenye umeme mzito, anapiga kama mtu aliyekesha akisikiliza saksafoni za kisasa. Kwa vipande hivyo viwili, isikilize mtandaoni. Kununua, hapana.

Bluzi

Watu hudhani bluzi ni gitaa. Kusini mwa Marekani fidla ilikuwa mikononi mwa wanamuziki weusi tangu zama za utumwa, na gitaa ndilo lililokuja nyuma. Ushahidi mtamu ni kundi la Mississippi Sheiks: "Sitting on Top of the World" ya 1930, fidla ya Lonnie Chatmon juu ya gitaa na sauti ya Walter Vinson. Fidla haipigi solo hata moja. Inaimba melodi ile ile sambamba na mwimbaji, ikichelewa kidogo. Kuchelewa kule ndiko bluzi yenyewe, kwa hiyo usisubiri kitu kingine kitokee.

Aliyeibeba hadi zama za umeme ni Clarence "Gatemouth" Brown, mzaliwa wa Louisiana wa 1924. Yeye ni mpiga gitaa kwanza, na albamu zake nyingi hazina fidla ya kutosha kumridhisha anayeitafuta. Unachotaka ni "Just Before Dawn" ya 1959, wakati akirekodia kampuni ya Peacock. Kabla hujalipia mkusanyiko wa kazi zake za Peacock, pitia orodha ya nyimbo. Kama haumo, utapata gitaa kali na fidla sifuri.

Papa John Creach alizaliwa 1917, na alikuwa na zaidi ya miaka 50 alipojiunga na vijana wa bendi ya roki ya Jefferson Airplane. Usimtafute huko. Mtafute kwenye Burgers ya Hot Tuna, 1972, ambako magitaa ni machache na ana nafasi ya kupumua.

Na sasa Don "Sugarcane" Harris. Kama pesa yako inatosha albamu moja tu kati ya zote tunazozitaja, iwe Hot Rats ya mpiga gitaa na mtunzi Frank Zappa, 1969, ambamo Harris anapiga fidla. Harris alitoka kwenye duo la Don and Dewey, ambalo kwa miaka ya 1950 lilipiga rock and roll ya kukata na shoka. Kwenye "Willie the Pimp" mdundo wa kwanza unaousikia ni fidla yake, imetiwa umeme, mbaya kwa maana nzuri ya neno. Kwenye "The Gumbo Variations" saksafoni ya Ian Underwood inatangulia, kisha Harris anaingia na hatoki. Anachofanya hakina ufundi wa maonyesho: vifungu vifupi, noti tano za bluzi, nyuzi mbili zikivutwa pamoja huku kidole kimoja kikiteleza mpaka zikubaliane. Kisha anarudia. Kila akirudia, anaongeza uzito wa upinde. Mpigaji wa kihafidhina angeliona kosa pale ambapo noti haijafika mahali pake. Harris anakaa pale pale, kabla ya kufika, kwa sababu ndipo penye utamu.

Angalia toleo. Zappa aliichanganya upya albamu hii kwa ajili ya CD mwaka 1987, akairefusha "The Gumbo Variations" hadi karibu dakika 17, kutoka karibu 13 za santuri. CD ya 2012 imerudisha mchanganyiko wa awali. Kwa mpenzi wa fidla toleo la 1987 lina dakika za ziada, lakini dramu na mwangwi wake vina harufu ya miaka ya 1980. Sisi tunachagua la 2012. Wimbo wa mwisho, "It Must Be a Camel", una fidla ya Ponty, si ya Harris, na watu wengi humsifu mmoja kwa kazi ya mwenzake.

Jina la Harris linaandikwa "Sugarcane", "Sugar Cane" na wakati mwingine Don Harris tu. Jaribu yote matatu. Albamu yake mwenyewe iliyo bora ni Sugar Cane's Got the Blues, moja kwa moja kutoka tamasha la jazi la Berlin 1971, Robert Wyatt kwenye dramu, magitaa ya Volker Kriegel na Terje Rypdal. Inachukua muda kupasha moto, vumilia wimbo wa kwanza.

Kwa wanaosikiliza kwa bando: albamu ya dakika 43 kama Hot Rats inakula takriban MB 103 kwenye ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde, na MB 31 kwenye kilobiti 96. Kwa mwimbaji na gitaa, 96 inavumilika. Kwa fidla, hapana: mkwaruzo wa upinde ni sauti iliyojaa masafa ya juu, na ubora mdogo huugeuza kuwa mvumo wa maji yanayomwagika. Pakua mara moja kwa ubora mkubwa, usisikilize mara kumi kwa ubora mdogo. Na usitumie spika ya simu, maana uzi mnene wa fidla karibu wote unapotelea humo. Hedifoni za bei ya kawaida zinatosha.

Roki

Hapa kuna mengi, na sehemu kubwa ni fidla ya kupamba. "Dust in the Wind" ya Kansas, 1977, ni nzuri, lakini Robby Steinhardt anapiga mistari iliyopangwa. "Baba O'Riley" ya The Who, 1971, ina solo maarufu mwishoni ya Dave Arbus, mgeni kutoka bendi ya East of Eden. Usinunue rekodi ya tamasha ya wimbo huo kwa kutafuta fidla: jukwaani nafasi yake mara nyingi ilishikwa na harmonika ya Roger Daltrey. Desire ya Bob Dylan, 1976, ni habari nyingine. Scarlet Rivera hana solo ndefu. Yuko bega kwa bega na mwimbaji tangu mwanzo hadi mwisho, akisokota melodi yake kuzunguka maneno. Mtu wa taarabu atajisikia nyumbani kuliko mtu wa roki.

Uzito wa kweli uko kwenye The Inner Mounting Flame ya Mahavishnu Orchestra, 1971. Jerry Goodman anapiga fidla sambamba na gitaa la John McLaughlin, noti kwa noti, kwa kasi isiyo ya kistaarabu, na dramu za Billy Cobham zinawasukuma wote wawili. Mara ya kwanza hutajua nani ni nani, kwani gitaa lililopotoshwa kwa amplifaya huvuta noti kama fidla. Kuna njia ya kuwatenganisha. Noti ya gitaa huzaliwa na nguvu zake zote kisha hufifia. Noti ya fidla yaweza kuanza kama pumzi na kukua. Tega mwanzo wa noti, usitege katikati. Ukishaweza, nenda kwenye Birds of Fire ya 1973, na kama una sikio la ngoma jaribu kuhesabu wimbo wenye jina la albamu, uko kwenye 18/8, yaani mapigo 18 kwa kila mzunguko.

Ponty alishika nafasi ya Goodman mwaka 1974. Albamu yake ya kununua ni King Kong ya 1970, tungo za Zappa, ambayo bado ina makali ya jazi. Enigmatic Ocean ya 1977 ndiyo inayopendwa zaidi na wapiga gitaa, na ufundi wake hauna mjadala. Tatizo ni kwamba kila kitu kimepigwa pasi. Phaser (kifaa cha kuifanya sauti izungukezunguke) na mwangwi vimefunika upinde, na baada ya nusu saa ungeweza kuamini ni kinanda.

Neno kwa wapigaji

Wengi wakishasikia Harris au Ponty hununua kipaza cha pizo, kinachonasa mtetemo wa chombo, wanakibana kwenye kijidaraja, wanachomeka moja kwa moja kwenye mixa ya ukumbini, na sauti inatoka nyembamba kama mbu. Kipaza si kibovu. Pizo huhitaji ingizo lenye ukinzani mkubwa, megaomu 1 au zaidi, na ingizo la kawaida la mixa lina takriban kiloomu 10. Kwa tofauti hiyo sauti zote za chini huliwa. Dawa ni kisanduku cha DI (cha kuunganisha chombo na mixa) au priampu (kikuza sauti cha awali) yenye ingizo la megaomu 1 au zaidi, ikae karibu na mpigaji, waya usizidi mita 3. Amplifaya ya gitaa huwa na ingizo la megaomu 1, ndiyo maana fidla hiyo hiyo husikika nene ikichomekwa humo.

Baada ya hapo, kwenye mixa kata kila kilicho chini ya herzi 150, kwa kuwa fidla haina kazi huko, na punguza desibeli chache kwenye kiloherzi 2.5 hadi 3, palipo na ukali wa pua. Mluzi wa spika kwenye fidla ya mbao huanza mara nyingi karibu na herzi 270 au 280, ambapo hewa ya ndani ya kisanduku hupenda kutetemeka. Kata hapo kwa upana mdogo, na usiigeuzie matundu ya fidla spika ya jukwaani.

Mbili za kubaki nazo

Regina Carter wa Detroit ndiye tungempa msikilizaji wa Afrika Mashariki mara tu baada ya Nat King Cole. Reverse Thread ya 2010 inachukua nyimbo za asili za Afrika na wenye asili yake, na inafunguliwa na "Hiwumbe Awumba", wimbo wa Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa Uganda. Fidla inakaa na kora, kinubi cha Afrika Magharibi, na akodiani. Mchanganyiko wa fidla na akodiani masikio ya pwani yanaufahamu kabla hata ya kuutafakari, lakini hapa akodiani inavuta kuelekea Louisiana na fidla inakataa kuifuata. Rekodi ni safi, singa zote zinasikika, na haina wimbo wa kuruka. Jitahidi uipate kwa ubora kamili.

Mpiga fidla Billy Bang, wa mwisho, si wa kila mtu. Alipigana vita vya Vietnam akiwa kijana, na Vietnam: The Aftermath ya 2001 ameipiga na wanamuziki ambao baadhi yao walikuwa huko pia. Toni yake ni kavu, anapinda noti mpaka zinalia, na kuna sehemu ambapo melodi yenye rangi ya Asia inapigwa kwa utaratibu kisha dramu inaivunja. Usiianze kwa kuisikiliza jikoni huku unapika. Kaa nayo usiku, kwa hedifoni, na ukiona wimbo wa kwanza umekushinda, ifunge, uirudie baada ya kumsikiliza Stuff Smith mwezi mzima.